Pijo 404 ya baba iliyouzwa kwa kilo: tukumbushane magari ya zamani na thamani yake leo

Simba_wa_Bonneti (mleta uzi)

Wakuu, habari za Jumapili.

Juzi nilikuwa napekuapekua simu nikakutana na picha ya Peugeot 404 nyeupe, ipo kwenye majani mabichi huko Ufaransa, imeng'arishwa hadi unaweza kujinyolea ndevu kwenye bampa. Chini yake watu wanabishana bei. Nilipoisoma ile bei niliweka simu mezani nikatoka nje kunywa maji. Mwaka 1997, kwa mikono yangu hii, nilisaidia kuisukuma ya baba mpaka kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu. Ilipimwa kama mahindi.

Nianzie mbali kidogo, mnivumilie.

Baba alikuwa karani wa ushirika Moshi. Mwaka 1974 aliinunua Pijo hiyo kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa na shamba la kahawa na alikuwa anafunga virago. Ilikuwa ya 1968, rangi ya maziwa, giya za usukani, viti vya plastiki nyekundu vilivyokaanga mapaja yetu saa sita mchana. Mbele kwenye grili kulikuwa na yule simba. Bibi yangu hakukubali kupanda mpaka afunikwe simba kwa kitambaa, akisema mnyama hawezi kutangulia watu kwenda kanisani.

Mwaka 1976 vyama vya ushirika vikavunjwa, baba akabaki na Pijo na watoto sita. Ikawa teksi bubu. Siku za soko inapanda Marangu na kushuka, abiria saba ndani, mikungu ya ndizi juu ya keria, kuku chini ya miguu. Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa na jagi la maji kwa ajili ya rejeta. Ada zetu zote za shule zilitoka kwenye ile injini.

Wa umri wangu mnakumbuka amri ya Jumapili. Kwa ajili ya uhaba wa mafuta, magari binafsi yalikuwa hayaruhusiwi barabarani kuanzia saa nane mchana. Sasa siku moja tulikuwa na harusi ya shangazi. Mchungaji akahubiri kama vile dunia inaisha wiki ile. Baba kila dakika anatazama saa, mama anamfinya. Tulipotoka ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi, na nyumbani ni mwendo wa nusu saa. Tukafika njiani saa ikagonga. Baba akazima injini, akashusha vidume vyote, akasema "sukumeni". Tukasukuma na suti zetu. Askari akatusimamisha, akauliza kwa nini tunaendesha gari muda uliokatazwa. Baba akamjibu kwa upole kabisa: "Afande, hakuna anayeendesha. Tunalitembeza." Yule askari alicheka hadi akashika goti, kisha akatusaidia kusukuma kilima kimoja.

Baba alifariki 1995. Pijo ilikuwa imeshakaa miaka minne chini ya mparachichi, kuku wanatagia siti ya nyuma. Mnunuzi wa skrepa akapita. Nililipwa elfu themanini, nikaona nimemlalia. Nikanunua bati za kumalizia jiko la mama, na bati zile zinafanya kazi mpaka leo, kwa hiyo siwezi kusema nilitoka mikono mitupu. Nilibakiza yule simba wa mbele. Nakandamizia karatasi mezani.

Maswali yangu ni mawili. Nyie mliuza lipi na kwa bei gani? Na hivi haya magari kwetu hapa yana thamani yoyote leo, au bei zile ni za Wazungu tu?

---

mtoto_wa_Ilala

Nimevuta kiti. "Tunalitembeza" 😂😂 Picha ya simba tafadhali mkuu.

---

Kirima504

Salamu kutoka Nakuru. Mzee, umenigusa pale.

Kwetu ilikuwa 504, ile stesheni-wagoni ya viti safu tatu. Baba alikuwa anaendesha kati ya Nakuru na Nairobi, abiria saba wamekaa, hakuna kusimama, hakuna kuokota watu njiani. Mtu akipanda ile gari alikuwa anavaa koti. Tuliamini hakuna chochote kinachoweza kuipita pale kwenye mteremko wa Bonde la Ufa, na mara nyingi kweli hakikuipita.

Vijana wa sasa wanaona Subaru ndiyo gari ya mbio. Sisi Pasaka ilikuwa Safari Rally. Tulikuwa tunalala kando ya barabara, na mahindi ya kuchoma, tunangoja taa. Mwaka 1975 Ove Andersson akashinda na 504. Mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda tena na 504, hiyo ya milango miwili yenye injini ya V6. Baba alitembea wiki nzima kama yeye ndiye aliyekuwa kwenye usukani.

Na wewe mwenye 404 usijidharau, hiyo ndiyo ilikuwa mwamba. Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda nayo 1963 na 1968, na miaka yote hiyo miwili yalimaliza magari saba pekee. Saba! Matope yalimeza mengine yote. Katikati, 1966 na 1967, alishinda Bert Shankland, mkazi wa kwenu Tanzania, na Chris Rothwell. Pia 404. Kwa hivyo gari uliyopima kwa kilo ilikuwa ndugu ya bingwa mara nne.

Halafu 504 ilikuwa inaunganishwa hapa kwetu Mombasa, pale kiwanda cha AVA, hadi miaka ya 2000 pikapu zilikuwa bado zinatoka. Ndiyo maana spea zilikuwa zinapatikana hadi kwa duka la sukari.

Yetu tuliuza 1999. Ikaenda kubeba miraa, ikafia huko. Mwaka uliopita nilitafuta nyingine ninunue. Ile niliyoipata ikiwa nzima, mwenyewe alinitajia bei ya Probox mbili. Nikamwambia asante, nikanywa chai yake, nikaenda.

---

Mr_Hesabu

Wazee heshima kwenu, ila naomba niwe mkweli. Haya ni mapenzi, siyo thamani.

Thamani ni kitu ambacho ukikiweka sokoni asubuhi jioni una hela mfukoni. Weka Toyota IST leo hapa Dar, kesho imeenda. Weka hiyo 404, utapigiwa simu na watu arobaini, thelathini na tisa wanataka kukusimulia habari za baba zao, mmoja anataka kukukopa. Hela hakuna.

Halafu hamsemi gharama. Petroli inakunywa, spea za kuagiza, fundi ni wa kumbembeleza. Nina jirani Tabata ana Datsun 120Y tangu nikiwa mtoto, kila Jumamosi yupo chini yake. Miguu yake naijua kuliko uso wake.

Aliyeuza kwa kilo 1997 akanunua bati, huyo ndiye mwekezaji. Nimemaliza.

---

mtoto_wa_Ilala

Hesabu una roho ngumu wewe. Ila hiyo ya miguu 😂

---

Fundi_Mkweche

Nimekaa kimya nasoma. Mimi ni fundi, nilianza mtaa wa Gerezani, Dar, mwaka 1983 kama mshika tochi. Nimeshusha injini za 404 na 504 nyingi kuliko sherehe nilizohudhuria. Ngoja niseme vitu ambavyo wauzaji na wanunuzi hamviangalii.

Kwanza, kwa nini Pijo ilidumu kwetu. Silinda zake ni laina, zinazungukwa na maji, unazichomoa kama mkate kwenye kopo. Injini ikianza kula oili na kutoa moshi wa bluu, unavua, unaweka laina mpya na pistoni zake na ringi, unafunga. Huna haja ya kupeleka bloku kwa mtu mwenye mashine ya kuchonga. Nimeshafanya kazi hiyo Ifakara, chini ya mwembe, na turubai, na mvua inakuja. Gari za wakati ule nyingine ilibidi bloku isafiri mpaka Dar. Kwa hiyo Pijo ilikuwa inafufuka kijijini, nyingine zinangoja treni.

Pili, sisi wenyewe ndio tumeua thamani yake, na mimi mkono wangu umo. Miaka ya tisini spea za Mfaransa zilipoanza kuadimika, tukaanza kuvua injini tunavalisha ya Toyota. Mteja anafurahi, gari linatembea. Tulitengeneza mabano, tukakata ukuta, tukahamisha pedeli. Leo mtu anayetafuta gari la zamani kwa hela ya maana anafungua bonneti kwanza. Akikuta moyo wa Mjapani kwenye kifua cha Mfaransa anafunga bonneti taratibu, anakuuliza habari za watoto, anaondoka. Gari lile lile likiwa na injini yake iliyokufa kabisa, haiwaki hata kidogo, angelinunua. Hili watu wanakataa kulielewa. Injini mbovu ya kwake ina bei kuliko injini nzima ya mgeni.

Tatu, kutu iliyofichwa. Chukua sumaku ndogo, ile ya spika iliyokufa, ifunge kwenye kitambaa usikwaruze rangi, pitisha chini ya milango na juu ya matairi. Pale isiponasa ujue ni plasta, si bati. Rangi inayong'aa nisikudanganye, inapigwa kwa siku tatu.

Bwana Hesabu, huyo jirani yako wa Tabata akikuuzia hiyo 120Y na kadi yake ya kwanza, nijulishe mimi kabla hujaninunulia soda.

---

Mkunazini1

Assalaam alaykum. Miye niko Unguja. Mzee wangu alikuwa na Morris Minor, tukiita Morisi tu, na mpaka leo ipo, ila imelala.

Hasa nilitaka kumuuliza Fundi. Ile gari kila nikiitengeneza vyema inakwenda muda, halafu nguvu inapotea, asubuhi haitaki kuwaka. Fundi wa hapa kanambia valvu zinakula siti zake, pale zinapokalia zikijifunga, tatizo ni petroli ya siku hizi. Kweli au ananipiga?

Na jambo jengine, watu wa bara hamjui kutu. Njooni kwetu mwone upepo wa bahari unavyokula chuma. Mzee wangu alikuwa akiiosha kwa maji matamu kila Ijumaa baada ya sala, chini mpaka juu, na mafuta ya nazi akipaka kwenye nikeli. Tukimcheka. Sasa za wenzake wote zimeoza, yake bodi imebaki.

---

Fundi_Mkweche

Waalaykum salaam. Fundi wako hakupigi, ni mkweli huyo, mshike. Zamani petroli ilikuwa na risasi ndani yake, nasema madini ya risasi, na yale yalikuwa yanafanya kama mto kati ya valvu na siti. Nchi zetu za kusini ya Sahara ziliiondoa petroli hiyo mwishoni mwa 2005, kwa sababu ya afya, na ilikuwa sawa kabisa. Lakini silinda hedi ya Morisi ni chuma cha kuyeyusha na siti zimechongwa humo humo. Bila ile risasi zinakwanguka polepole. Dawa ni kuvua hedi, kupeleka kwa mtu wa mashine akupachikie siti za chuma kigumu. Mara moja tu katika maisha ya gari. Kazi hiyo haishushi thamani, hata Waingereza wenyewe wanaifanya.

Mzee wako Mungu amlaze pema. Mafuta ya nazi kwenye nikeli naiandika kwenye daftari.

---

Leicester_Mswahili

Niko Uingereza miaka ishirini sasa, nikiwa nimetokea Tanga. Acha niwape picha ya huku kwa sababu mleta uzi kauliza bei za Wazungu.

Huku gari likifikisha miaka 40 unaliombea hadhi ya gari la kihistoria: halilipi kodi ya barabara, na ukaguzi wa kila mwaka halilazimiki, mradi halijabadilishwa sana. Hapo mnaona maneno ya Fundi yanavyorudi. Serikali yenyewe inauliza "ni lile lile?" Na bima za magari haya mnakubaliana bei mapema, inaandikwa, siku likiungua unalipwa hiyo. Kule nyumbani niliulizia bima kubwa ya Land Rover ya mjomba, kampuni moja ikanijibu kwa umri huo chukua ndogo tu. Yaani kwao lilikuwa ni gari chakavu, basi.

Marekani nako, gari la nje likishafikisha miaka 25 linaruhusiwa kuingia bila kutimiza masharti ya usalama ya magari mapya. Ndiyo maana Land Cruiser zile za 40, zilizotengenezwa kuanzia 1960 mpaka 1984, na Land Rover za zamani, zimepanda bei huko kama moshi. Gari lililobeba chanjo na maafisa ugani vijijini kwetu, mtu wa California analipeleka kununulia kahawa.

Na hii iwaume kidogo. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu, kwa sababu baada ya vita vya pili chuma kilikuwa adimu Uingereza na walianza kuyatengeneza 1948. Haishiki kutu. Sasa nakumbuka pale Tanga nikiwa mdogo, milango ya Land Rover 109 ikiyeyushwa kuwa masufuria. Mama yangu anayo moja. Inapika wali vizuri kweli, chini hauungui.

---

Simba_wa_Bonneti

Sufuria la Land Rover! Sasa najiuliza Pijo yangu imekuwa nini. Labda nondo za ghorofa la mtu.

Ni kweli lakini, ukienda Makumbusho ya Taifa pale Dar kuna magari aliyotumia Mwalimu, na Rolls-Royce imo. Nilimpeleka mjukuu. Kwenye Rolls-Royce alipita kama amepita kwenye jokofu. Alisimama kwenye kale kadogo ka zamani akauliza "babu, haka kalikuwa kanawashwaje?" Nikamweleza habari ya choki na hendeli ya mkono kwa nusu saa, mlinzi akasogea naye kusikiliza.

---

Neema_Njiro

Shikamooni wazee. Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu, nisameheni kama nauliza kijinga.

Baba yetu alifariki mwezi wa tatu. Ameacha Mercedes ile ya mashavu ya mraba, dizeli, nyuma imeandikwa 240D, ya 1981. Ipo Arusha nyumbani, imefunikwa turubai, haijatembea tangu 2012. Baba mdogo kaleta dalali anasema kuna mteja wa nje, atatoa milioni tatu "kwa kuwa mfiwa". Na wiki hiyo hiyo kapita kijana wa skrepa na mkokoteni, naye ana bei yake ya kilo. Mama anasema gari liondoke, linamkumbusha. Mimi sijui hata kama milioni tatu ni nyingi au kidogo. Nifanyeje?

---

Fundi_Mkweche

Marahaba binti, pole sana.

Usiuze kitu wiki hii. Turubai ifunue, bonneti ifungue, uniletee namba mbili. Namba ya chesisi imegongwa kwenye ukuta kati ya injini na dashibodi. Ndani yake utakuta 123123. Hiyo ni 240D, huna shaka. Namba ya injini ipo ubavuni mwa bloku, paka mafuta ya taa usugue. Injini yake halali inaanza na 616. Ikianza na 617 ni ya 300D, ikianza na 615 imetoka kwenye Benzi ya injini ndogo zaidi. Halafu chukua kadi ulinganishe.

Msijaribu kuiwasha. Nasema tena, msijaribu. Dizeli iliyolala toka 2012 imekuwa uji, mtaua pampu. Na siku itakapowaka, msishangae mkizima ufunguo ikaendelea kunguruma. Hiyo gari inazimwa kwa hewa, kuna vimipira vyembamba vinavyonyonya, na ndivyo hivyo hivyo vinavyofunga milango. Kimoja kikipasuka injini haizimiki. Juu ya injini kuna kijikono kimeandikwa STOP, kibonyezeni. Nimeona mtu na heshima zake anazima Benzi kwa kuikaba klachi kwenye ukuta wa kanisa.

---

Simba_wa_Bonneti

Binti, na mimi niongeze la karatasi. Gari la marehemu ni sehemu ya mirathi. Baba mdogo hawezi kuuza, dalali hawezi kununua, mpaka mahakama imthibitishe msimamizi wa mirathi, ndipo kadi inabadilishwa jina. Mteja wa kweli atakuuliza hilo kabla ya kuuliza bei. Asiyekuuliza mwogope.

Na tafuta kila karatasi. Risiti za spea, vitabu vya mwongozo, picha ya baba yako amesimama nalo. Mimi ya baba niliitupa kadi kwenye gunia pamoja na magazeti. Sikujua kama ile karatasi ndiyo ilikuwa gari.

---

Kirima504

Neema pole. Pale Nairobi, Ngong Racecourse, kuna maonyesho ya magari ya Concours, yanaandaliwa na klabu ya wenye Alfa Romeo tangu 1970. Waamuzi huko wanaingia chini ya gari na tochi. Ukienda utaona Benzi ya aina ya W123 kama ya baba yako imesimama na watu wameizunguka. Walitengeneza karibu milioni 2.7 za aina hiyo, kwa hivyo si adimu, usidanganywe na mtu kuwa ni almasi. Lakini nzima, yenye kila kitu chake, hiyo ndiyo inazidi kupungua. Milioni tatu za Tanzania ni bei ya mtu anayejua wewe hujui.

Na kwa wale wanaosema gari za zamani ni za kuangalia tu: Björn Waldegård alishinda Safari 1977 na Ford Escort, halafu 2007 akarudi kwenye Safari ya magari ya zamani, ile iliyoanzishwa 2003, akashinda tena na Escort. Miaka thelathini katikati. Alikuwa na umri wa babu.

---

Mr_Hesabu

Neema pole kwa msiba. Mimi ndiye mbishi wa uzi huu ila kwenye hili niko na wazee. Dalali anayetaja bei kabla ya kuona namba ya injini anauza huruma, hanunui gari. Piga hesabu hivi: bei ya skrepa ndiyo sakafu, chini ya hapo huwezi kushuka leo wala mwakani. Kwa hiyo kusubiri hakukugharimu kitu zaidi ya turubai.

Jirani wa Tabata nimemuuliza kuhusu kadi ya 120Y. Anayo, kaiwekea fremu sebuleni. Sina la kusema.

---

Neema_Njiro

Wazee nimerudi.

Jumamosi nilifunua na mdogo wangu. Ndani ya bonneti kulikuwa na kiota cha panya na kalamu ya baba. Chesisi ina 123123, na inalingana na kadi, kadi ilikuwa ndani ya Biblia yake kwenye kitabu cha Ayubu, sijui kwa nini. Tukasugua injini kwa mafuta ya taa kama ulivyosema. Namba inaanza na 615.

Nikakaa chini. Nikamwambia mama, "gari hili injini si yake." Mama hata hakugeuka kutoka kwenye mboga. Akasema najua, ile yake ilikufa tukitoka Dodoma, 1994, baba yenu akanunua nyingine kwa mtu, na tangu siku hiyo alikuwa anailaani kila tukipanda mlima. Nikauliza ile ya zamani iliuzwa wapi. Akasema, "Haikuuzwa. Si ndiyo ile anayofungiwa ndama?"

Tukaenda nyuma ya zizi. Lile lidude jeusi ambalo tumekua tukiliona, tumelikalia, tumeanikia nguo. Tukasugua mavi ya ng'ombe. 616.

Kijana wa skrepa alikuwa ameshatoa bei ya hilo pia. Na mama alikuwa ameshakubali, alisema atakuja kulichukua Jumatatu.

---

Fundi_Mkweche

Binti, kesho napanda basi la kwanza. Mfungueni ndama.